Machi Hadi Sasa

Machi 6

Nimeanza kazi leo. Shangazi alinitangulia njia nzima, mkoba kwapani, kifua mbele, utafikiri yeye ndiye aliyefaulu mtihani wa uuguzi. Amefagia na kupiga deki zahanati hii tangu mimi sijaota meno, na nafasi hii ameniombea yeye. Daktari mwenye zahanati alitupokea kwa tabasamu, akashika vyeti vyangu bila kuvisoma, akasema, "Karibu, mwanangu. Hapa sisi ni familia moja."

Nilikuwa nimepiga pasi gauni jeupe mpaka linasimama lenyewe. Nilidhani napelekwa chumba cha sindano. Nikapandishwa ngazi.

Juu kuna geti la chuma. Nyuma ya geti kuna sebule, chumba cha kulala, choo, na mama yake Daktari kwenye kiti karibu na dirisha. Kiharusi kilimpiga mwaka jana, kikaondoka na mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Nesi aliyekuwa akimhudumia ameacha kazi ghafla. "Wiki mbili tu," Daktari aliniambia. Alikuwa amesimama ngazi ya kwanza na hakupanda. "Tukipata mtu, unashuka chini kwenye kazi yako."

Aliyenipandisha ni mpokezi, mama mmoja mnene mwenye fungu la funguo kiunoni, ndiye hulala na bibi huyu usiku mimi nikirudi kwa Shangazi. Akanifungulia, nikaingia, akafunga. Bibi aliwahi kujikokota mpaka ngazini akaanguka, ndiyo maana geti haliachwi wazi. Nikitaka kutoka nipige simu chini. Simu yenyewe ni ile ndogo ya vitufe, imefungwa kwa kamba kwenye mkono wa kiti cha Bibi.

Mpokezi nimempa jina: Mama Funguo. Humu tu, si mbele yake.

Machi 7

Bibi ana neno moja. Nilimpa maji, akasema, "Kesho." Nikamuuliza kama anaumwa, akasema, "Kesho." Nilipomgeuza vibaya alinitukana, naapa yalikuwa matusi mazito, nayo yote yalikuwa "Kesho! Kesho, kesho!"

Shangazi anasema huyu alikuwa mshenga. Hakuna posa iliyopita mtaa huu bila mdomo wake. Wazee waliokaza "hapana" asubuhi, jioni walijikuta wanapanga siku ya harusi. Katika maneno yote aliyokuwa nayo limebaki hilo.

Machi 9

Kutwa niko kwenye simu ya kamba. "Njoo ufungue." "Njoo, dawa zimeisha." "Njoo basi, jamani." Mama Funguo huja akimaliza foleni yake. Foleni yake haiishi.

Machi 14

Mvua imeanza.

Machi 20

Wiki mbili zimetimia. Daktari hapandi huku. Hupiga simu akiwa chini yetu kabisa, kwa hiyo sauti yake naisikia mara mbili, sikioni na sakafuni.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, Daktari. Samahani, ulisema wiki mbili..."

"Nakumbuka, mwanangu, nakumbuka. Kesho tutaongea."

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hilo neno ni la ukoo.

Machi 21

Hatukuongea.

Machi 22

Mvua. Nimemfundisha Bibi kubonyeza kitufe cha kijani kwa dole gumba la kushoto, ili simu ikilia nami nikiwa msalani apokee mwenyewe. Ameshika mara moja. Maneno ndiyo hayashiki. Kila asubuhi namwekea glasi mbele ya macho: "Ma-ji. Sema ma-ji." Ananitazama midomo kwa makini, anavuta pumzi, mimi nimeshaanza kutabasamu, halafu: "Kesho."

Machi 27

Pacha ameniletea ujumbe. Si ndugu yangu. Chuoni tulikaa benchi moja na kulala kitanda cha ghorofa kimoja, ndiyo jina likatushika. Yeye yuko hospitali kuu. Anasema wanatafuta wauguzi wa wodi ya watoto njiti, maombi mwisho tarehe 28 mwezi ujao.

Nimesoma ujumbe huo nikiwa nimesimama kwenye geti. Wodi hiyo nilifanyia mazoezi. Nilimshika mtoto aliyetosha kiganjani, nikasikia moyo wake ukigonga kwenye vidole vyangu, nikajua kazi yangu ni hii na nyingine ni kupoteza wakati. Tangu siku hiyo sijataka kitu kingine.

Huku juu sijashika sindano tangu nije. Mikono inasahau, najua inasahau.

Aprili 1

Jumamosi, nusu siku. Nimekwenda kwa Kalamu, yule mchapaji mwenye kibanda cha steshenari nyuma ya kituo, kuandikiwa wasifu. Kalamu hachapi kitu bila kukitolea hukumu.

"Elimu, sawa. Leseni, sawa. Na hii kazi uliyoanza juzi, tunaiweka?"

"Wewe unaonaje?"

"Dada, kazi ya wiki tatu ni sawa na mchumba wa wiki tatu. Hatambulishwi kwa wazee."

"Nisipoiweka wataniuliza tangu nipate leseni nilikuwa wapi."

"Hapo sasa. Pengo kwenye sivii ni kama pengo mdomoni, ukicheka tu wameliona." Akageuza kiti. "Haya, ukiiweka, cheo chako ni nini?"

Nikisema muuguzi wa zahanati nadanganya, maana zahanati naiona nikipita kwenda ngazini. Nikisema ukweli, ni kwamba namlisha mama wa mtu, namwogesha, namfuta mdomo, na nimefungiwa naye. Miaka mitatu ya chuo. Niliona aibu, nikamwambia nitarudi.

Aprili 2

Nilidhani Shangazi atafurahi kusikia habari za hospitali kuu. Aliweka kijiko chini.

"Umekaa mwezi haujaisha na unataka kuondoka?"

"Shangazi, si kazi niliyoajiriwa."

"Ni kazi niliyokuombea. Nilisimama mbele ya yule mtu nikasema huyu ni damu yangu, hataniangusha. Wakimpigia simu kumuuliza habari zako, mimi uso wangu nitauweka wapi? Nitapiga deki nimeinama?"

"Deki hupigwa kwa kuinama, Shangazi."

Hakucheka. Nami sikupaswa kusema vile. Nikiandika kazi hii, watampigia Daktari na Shangazi ataumbuka. Nisipoiandika, mimi ni mtu wa pengo. Huku geti na huku geti.

Aprili 5

Mvua. "Ma-ji." "Kesho."

Aprili 6

Mvua. Nguo za Bibi hazikauki. Nimezitandaza kwenye migongo ya viti, sebule nzima inanuka sabuni na ukungu.

Aprili 8

Leo nimemchukia. Naliandika kama lilivyo. Alimwaga chai makusudi, akanitazama, nikamwona anacheka kwa nusu ya mdomo inayofanya kazi. Nikaenda kusimama kwenye geti, nikashika vyuma kwa mikono miwili. Chini kulikuwa na wagonjwa, mtoto analia, mtu anaitwa jina, kazi inafanyika bila mimi. Nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, nitoe humu."

Nyuma yangu: "Kesho."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Tukacheka wote wawili.

Aprili 13

Leo Bibi nusura anifie.

Mvua ilikuwa imeshuka tangu alfajiri, ile ya kupiga bati mpaka husikii unachowaza. Bibi hamezi vizuri. Chai yake naifanya nzito, kila kitu nakiponda. Mkate wangu nilikuwa nimeuacha mezani, nikaenda kukamua kitambaa. Dakika ngapi sijui. Mkono wake wa kushoto si mchezo, ulifika.

Niliporudi hakuwa anakohoa. Hilo ndilo lililonitisha, maana anayekohoa anapumua. Huyu alikuwa kimya, macho yamemtoka, mkono shingoni, midomo inabadilika rangi. Nilimwinamisha nikampiga katikati ya mabega kwa kiganja. Hakuna. Nikapiga tena na tena. Hakuna. Nikabonyeza simu huku nimemshika, nikapiga kelele, "Njoo! Njoo! Njoo!" Ililia chini, ikalia, haikupokelewa. Nikamvuta mpaka ukingo wa kiti, nikajipenyeza nyuma yake kati ya mgongo wake na kiti, nikamzungushia mikono, ngumi juu ya kitovu, nikavuta ndani na juu. Ni mama mkubwa. Nilivuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Mara ya nne kipande kikaruka, kikaanguka kwenye gauni langu.

Alivuta pumzi kwa mlio. Kisha akakohoa, kisha akalia kama mtoto. Tukateleza pamoja mpaka sakafuni, mgongo wake kifuani kwangu, nami nalia vilevile. Nilimwambia, "Ulitaka kuniua, Bibi? Ulitaka kuniua?" Akanishika kidole kimoja na hakukiachia.

Ndipo nikaenda kwenye geti. Nililitikisa. Niliita mpaka sauti ikakatika. Bati lilikuwa linapiga kelele kuliko mimi. Kama kipande kile kisingetoka, ningekaa humo na maiti mpaka foleni ya Mama Funguo iishe.

Alikuja, hatimaye, na Daktari nyuma yake. Mama Funguo alijaribu funguo tatu ndipo geti likafunguka. Daktari alibaki nje ya geti, na geti liko wazi.

"Anapumua?"

"Anapumua. Ingia umsikilize kifua, huenda kuna kilichoshuka kwenye mapafu."

Hakuingia. Alivua kipimo chake shingoni, akaninyooshea mkono. "Sikiliza wewe, uniambie."

Nikasikiliza, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Kifua kilikuwa safi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Nilikuwa na hasira ya kumpiga kofi, lakini nilimwona amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta wa ngazi. Huyu mtu anaogopa. Sijui anaogopa nini.

"Nataka ufunguo wangu mwenyewe," nikasema.

"Una haki, mwanangu. Kesho tutalipanga."

Aprili 14

Nimemsimulia Shangazi yote. Akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia. Zamani Bibi alikuwa akifungua dirisha la juu kila adhuhuri anamwita Daktari kwa jina lake la utotoni, mbele ya wagonjwa wote, ajue chakula tayari. Mtu mzima, miwani usoni, anaitwa kama kitoto. Aliona haya, lakini alikuwa anapanda mbio. Siku Bibi aliporudishwa kutoka hospitali baada ya kiharusi, Daktari alipiga magoti mbele yake akasema, "Mama, niite." Bibi akamwambia, "Kesho." Tangu siku hiyo hajapanda.

"Si mtu mbaya," Shangazi akasema.

"Sijasema ni mbaya. Amenifungia ndani na kitu anachokiogopa yeye."



Aprili 15

Mama Funguo amepanda bila kuitwa. Amenikabidhi kitu kilichoviringwa kwenye bandeji. "Simu nilikuwa nimeiacha kwenye droo," akasema. "Sijalala siku mbili. Usimwambie Daktari."

Ni ufunguo wa geti. Nimeutia mfukoni.

Mchana wote nimekuwa nikiugusa. Naweza kutoka saa yoyote. Sijatoka. Nikitoka nani atamtazama mkono wa kushoto?

Aprili 22

Nimerudi kwa Kalamu. Nimeamua: kazi hii inaandikwa, na inaandikwa kama ilivyo. Niliyoyafanya tarehe 13 hakuna aliyenifanyia. Nisipoyaandika nitakuwa nimeona aibu kwa kitu ambacho sikustahili kukionea aibu.

Nikamsomea: "Machi hadi sasa. Kuuguza mgonjwa wa kiharusi, nyumbani."

"Hadi sasa," Kalamu akasema huku akichapa. "Maneno mazuri hayo. Yanaonyesha hujafukuzwa."

Kwangu yalikuwa na sauti ya geti. Sikumwambia.

"Namba ya mwajiri?"

Hapo nikaona akili zangu ni nyingi. Nikampa namba ya simu ya kamba. Niko nayo kutwa. Wakipiga nitapokea mwenyewe, nikaze sauti kidogo, nijisifu kwa kiasi. Daktari hajui, Shangazi haumbuki, na siyo uongo, ni namba ya kazini kabisa.

"Hii ni ya bosi?" Kalamu akauliza.

"Ndiye anayeamua kila kitu," nikasema, na hilo pia ni kweli.

Umeme ulikuwa unachezacheza, akachapa mbiombio, mvua ikaja, nikatumbukiza karatasi kwenye mfuko wa plastiki nikakimbia nazo mpaka hospitali kuu.

Aprili 30

Mvua.

Mei 3

Simu imelia, namba ngeni, nikaruka. Mtu anauliza kama tunauza saruji.

Mei 8

Bibi anakaa wima peke yake sasa. Jana alisimama, nimemshika kiuno, tukahesabu kwa pamoja, mimi kwa namba na yeye kwa kesho. Maji bado. Nimeanza kufikiri hataki kulisema kwa ukaidi tu.

Nimegundua kwamba kesho zake si moja. Ipo ya njaa, fupi. Ipo ya maumivu, inaanzia puani. Ipo ya jioni nikivaa viatu kwenda nyumbani, hiyo anaitamka ukutani na hanitazami.

Mei 15

Wamenipigia kwenye simu yangu. Usaili Alhamisi, saa nne. Nimepiga kigelegele, Bibi akaruka kwenye kiti. Kisha nikamtazama, furaha ikaniganda mdomoni.

Mei 18

Nitaandika yote kabla sijasahau hata sura zao.

Mama Funguo alikubali kukaa na Bibi. "Nenda. Wakiuliza, umekwenda kung'oa jino." Nilimwachia chai nzito na onyo kuhusu mkate.

Meza ilikuwa na watu watatu: Metroni, mama mwembamba mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi sana, daktari wa watoto, na afisa utumishi mwenye tai iliyombana. Afisa ndiye aliyeanza. Alishika karatasi yangu kwa ncha za vidole.

"Kwanza, pole sana."

"Ahsante," nikasema, nisijue pole ya nini.

"Unaendeleaje?"

"Vizuri, Mungu anasaidia."

"Maana tulibishana hapa kama tukuite au tusikuite. Metroni akasema lazima akuone." Akasoma, taratibu: "Machi hadi sasa. Kuugua, kiharusi, nyumbani." Akainua macho. "Umepona?"

Nikaomba karatasi. Ilikuwa hivyo hivyo. Kalamu, mwenye hukumu kwa kila neno, amemeza z moja, na neno mgonjwa amelisahau kabisa. Nimeuguza miezi hii yote, na wasifu wangu unasema nimeugua.

Nikafikiri haraka. Nikisema ndiyo, niliugua, nimepona, pengo limezibwa, hakuna mwajiri, hakuna simu, Shangazi amesalimika. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningepita tu. Lakini nilikumbuka kile kidole changu alichokishika pale sakafuni.

"Sikuugua," nikasema. "Niliuguza. Ni mama mmoja. Bado namuuguza."

Nikawaeleza. Afisa akatafuta chini ya ukurasa. "Na namba ya mwajiri hii hapa. Tumpigie."

Atakayepokea ni mimi, na mimi niko hapa. Karibu mwezi mzima najiona mjanja, na hilo sikuliwaza hata mara moja. Simu ilishaanza kuita, ameiweka mezani kwa sauti kubwa. Nikaomba Mama Funguo apokee. Kumbe alikuwa ameshuka kumfungulia mgonjwa aliyezimia mlangoni.

Ikapokelewa. Pumzi nzito.

"Habari za asubuhi," akasema afisa. "Tunapiga kutoka hospitali kuu."

"Kesho."

"Samahani?"

"Kesho."

Afisa akaziba simu. "Anasema tupige kesho." Daktari wa watoto akajikuna shavu. Nikasema, "Ndiye mgonjwa. Ana neno hilo moja tu." Nikasikia jinsi linavyosikika, mtu amemweka mgonjwa asiyesema kuwa ndiye wa kumsemea. Metroni peke yake aliinama karibu na simu.

"Mama," akasema kwa upole, "tuko na nesi wako hapa. Tunataka kusikia habari zake."

Nilisikia bati la kule, mvua ya kule. Nilisikia kamba ikikwaruza mkono wa kiti.

"Njoo," akasema Bibi.

Nikasimama. Sikujua nimesimama mpaka kiti kilipoanguka.

"Njoo," akasema tena, kwa nguvu zaidi. "Njoo. Njoo."

Metroni akanitazama. "Umesema ana maneno mangapi?"

"Moja."

"Na hili?"

"Hili ndiyo kwanza nalisikia."

"Ulikuwa unamfundisha njoo?"

"Nilikuwa namfundisha maji," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya tai ya afisa. Nilikuwa nimeelewa. Masomo yangu ya glasi hakuyajali. Amejifunza kile nilichokuwa nakipigia kelele kwenye simu ile kila siku, nikiomba nitolewe. Ameshika kwamba ukiinua simu ile, unaita mtu aje.

Metroni alichukua kalamu, akaiingiza z mahali pake. "Mtoto njiti naye hasemi," akasema. "Tunataka mtu anayesikia." Kisha kalamu ikasimama juu ya yale maneno mawili. "Ukija kwetu, hii hadi sasa lazima ifungwe. Niandike hadi lini?"

Simu ilikuwa bado inawaka mezani. Nikabaki naitazama.

"Basi nitaacha wazi," akasema. "Utatuambia."

Mei 23

Nimepata. Naanza tarehe moja Juni. Nitamwambia Daktari kesho.

Mei 24

Kesho.

Mei 26

Mchana huu nilifungua mdomo kwenye simu, akasema, "Mama hajambo?", nikasema, "Hajambo," nikakata. Nimekuwa mtu wa ukoo huu.

Mei 27

Nimemwambia Shangazi kwanza. Nilitegemea yale ya uso wake tena. Aliendelea kukunja nguo, akauliza tu, "Nani atakaa na mama wa watu?" Ndilo ninalojiuliza kila nikigusa ufunguo. Akakunja shuka zima kabla hajasema tena. "Nimefagia chini ya miguu ya watu maisha yangu yote. Kukaa juu na mtu mmoja sitashindwa. Ila unionyeshe ile chai."

Nilimkumbatia akanisukuma, akasema namharibia mikunjo.

Mei 29

Shangazi amekuja juu. Bibi amemwambia kesho. Shangazi amemjibu, "Na keshokutwa, mama, nipo." Wameelewana.

Daktari bado hajui kwa nini namfundisha Shangazi. Shangazi anasema kumwambia ni kazi yangu, si yake.

Mei 31

Mvua imekatika. Mtaa unafuka mvuke na watu wameanika kila walichonacho.

Adhuhuri simu ililia. Bibi aliiwahi, dole gumba kwenye kijani.

"Mama hajambo?" ikasema sauti, sikioni na sakafuni.

"Njoo," akasema Bibi.

Kisha nikasikia kiti kikianguka chini, na miguu ngazini, mtu mzima anapanda mbio. Mama Funguo alimfungulia akaingia na kipimo mkononi, amekosa pumzi. "Kuna nini? Amefanya nini?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Amekuita."

Alisimama katikati ya sebule kama mgeni. Bibi akanyoosha mkono wa kushoto, akamkamata mkono wa shati, akamvuta mpaka akakaa kwenye kigoda changu. "Njoo," akamwambia, ingawa alikuwa ameshakuja. Daktari akaweka paji la uso kwenye goti la mama yake. Nikaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Baadaye akafuta miwani, akasema wagonjwa wanamngoja, akaenda kwenye geti. Mama Funguo, kwa mazoea, alikuwa amefunga na kushuka. Daktari akalitikisa. Akarudi akashika simu ya kamba. "Njoo ufungue," akasema. Akangoja. "Njoo, jamani." Akanigeukia. "Huwa inachukua muda gani?"

"Inategemea foleni."

Akaenda tena akashika vyuma kwa mikono miwili, pale pale ninaposhika mimi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimwacha kidogo. Nisamehewe, lakini nilimwacha.

"Daktari," nikasema, "nimepata kazi hospitali kuu. Kwenye wasifu wangu niliandika kazi hii, na niliandika ukweli. Shangazi atakaa na Bibi, nimemfundisha kila kitu."

Hakugeuka mara moja. Alipogeuka hakuwa na lile tabasamu, na kwa mara ya kwanza nikampenda uso.

"Unaondoka lini?"

"Kesho," nikasema.

Bibi alisikia neno lake kinywani mwangu. Alinitazama, akacheka kwa nusu ya mdomo, kisha akageukia ukuta. Nilipiga magoti nikamshika kidole kimoja mpaka akarudi kunitazama. Kisha nikatoa ufunguo, nikafungua geti, nikauweka kwenye kiganja cha Daktari.